Bata Aliyepelekwa Mavunoni

Siku tuliyoanua matanga ya mama, wifi zangu walitoa vitu vyake nje vipigwe jua kabla ya kugawanywa. Havikuwa vingi. Mama hakuwa mtu wa kulimbikiza. Kulikuwa na vitenge vyake, blanketi la kijivu, jembe lenye mpini uliolainishwa na viganja vyake, na chini kabisa ya sanduku la bati, mto mdogo wa kitambaa cha marekani, mdogo kiasi kwamba mtu mzima asingeweza kuulalia. Wifi yangu mdogo aliunyanyua kwa vidole viwili.

"Wifi, na huu nao? Si tuutupe tu motoni?"

"Lete huku," nikasema.

Nikauweka puani mbele yao wote. Ulinuka manyoya makavu na moshi wa kuni za miwati, na kwa mbali sana, kitu kama maziwa yaliyomwagika zamani. Wifi zangu wakatazamana. Nadhani walidhani ni msiba unanisumbua. Lakini mimi wakati huo sikuwa pale uani tena. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye jiko la nje, sina meno ya mbele, namtazama bata akijing'oa manyoya ya kifuani.

Sisi ni watu wa vilima vya juu ya Mafinga. Baridi ya kule anayeijua hahitaji kuelezwa. Mwezi Juni na Julai nyasi zinaamka nyeupe, na ukizipita bila viatu, kama tulivyokuwa sisi, unatembea kama unakanyaga sindano. Kila nyumba ilifuga kuku. Kisha mdondo ulipita, ukafagia kuku wa kijiji kizima, hata jogoo wa kuamsha watu akakosekana. Ndipo baba, aliyekuwa fundi seremala na alikuwa amekwenda kufanya kazi Iyunga, kule Mbeya, akarudi amepanda lori la mbao akiwa na tenga mapajani. Ndani yake mlikuwa na bata: dume moja lenye uso mwekundu uliojaa vinundu, na majike yake.

Hatukuwahi kufuga bata. Jirani yetu Mama Skola alisimama kwenye ua akatazama mpaka akachoka.

"Mzee wa Kanisa," akamwambia baba, maana ndivyo alivyoitwa na watu, "umetoka Mbeya yote ile, ukatuletea hawa? Ndege gani hawiki, hatetei, anapumua tu kama nyoka?"

"Mdondo hauwawezi," baba akajibu.

"Mdondo nao una heshima zake. Hauli kila kitu."

Lakini bata walikaa, na kazi ya kuwatunza ikawa yangu. Baba aliwapunguza manyoya ya bawa moja wasiruke, maana bata wale waliruka kweli. Siku ya kwanza dume lilikwenda kutua juu ya paa la Mama Skola, na tukasikia habari zake mpaka jioni. Asubuhi nilifungua banda, wakatoka kwa mstari wakitikisa mikia, nikawapeleka bondeni kwenye vinyungu, bustani zetu za kiangazi zinazolimwa kando ya kijito. Huko walijitafutia wenyewe minyoo na konokono, na wale wadudu wanaokata miche ya kabichi. Sikuwapiga fimbo. Bata hapelekwi kwa fimbo, anapelekwa kwa subira; ukitangulia mbele yake anakupinga, ukimfuata nyuma polepole anakwenda unakotaka. Nimelea watoto na wajukuu kwa elimu hiyo, na madarasa mengi ya Kipaimara. Mayai yao yalikuwa makubwa, ya rangi ya maziwa, na bibi aliyakaanga tukala na ugali. Miaka iliyofuata, dume likikomaa lilichinjwa Krismasi. Hata Mama Skola alikuja na bakuli, akasema amekuja tu kutusalimu.

Vijana wa siku hizi wakisema wanakula bata wana maana yao nyingine. Sisi tulikula bata, na mchuzi wake ulikuwa na mafuta ya dhahabu.

Sasa niseme kuhusu nadhiri. Kabla ya mwaka ule bata walipokuja, mama alikuwa amezaa watoto wawili walionifuata, na wote wawili tuliwazika kabla hawajakaa. Alipopata mimba tena hapakuwa na mtu aliyelitaja jambo hilo kwa sauti. Lakini Jumapili moja, mchungaji alipowauliza washarika watatoa nini siku ya mavuno, baba alisimama. Alikuwa mtu mrefu na mwenye haya. Akasema, "Mimi nitamtolea Mungu bata pamoja na watoto wake, nikimshukuru kwa mtoto atakayetupa salama." Akaketi. Mama aliinama akatazama mikono yake.

Baba hakuwa ametamka ovyo. Bata mmoja, wa kwanza kwetu, alikuwa ameanza kulalia mayai ndani ya tenga kuukuu, kwenye kona ya jiko la nje, na baba alikuwa amepiga hesabu yake: mpaka mavuno vifaranga watakuwa wanatembea. Kosa lake lilikuwa moja, na lilikuwa kosa la kijiji chetu chote. Alihesabu kama mtu wa kuku. Kuku hulalia wiki tatu. Bata wa aina ile hupitisha mwezi na siku juu yake, naye haharakishwi na mtu.

Mimi nilikuwa mlinzi wa lile tenga. Ndipo nilipomwona yule bata akiinamisha shingo, akashika manyoya ya kifua chake kwa mdomo, akang'oa. Akang'oa tena. Nilikimbia kwa bibi, mama yake baba.

"Bibi, bata anajinyonyoa. Anaumwa."

Bibi alikuja akatazama, akacheka kimya kimya. "Haumwi. Anatandika kitanda."

"Kwa manyoya yake mwenyewe?"

"Atayatoa wapi mengine?"

Mtoto alizaliwa katikati ya baridi ile, kabla ya siku zake. Sikuwepo, nilipelekwa kwa Mama Skola, na niliporudi niliitwa mlangoni kumtazama ndugu yangu. Alikuwa mwekundu, mdogo, na ngozi yake ilimlegea kana kwamba ameiazima kwa mtu mkubwa kuliko yeye. Hakulia. Alitoa sauti kama mlango unaohitaji mafuta. Baba alikwenda mpaka zahanati ya misheni kwa miguu, akarudi na maneno ya muuguzi: msimtoe kwenye upepo, msimtenge na joto la mama yake, mwombeeni.

Basi mama akaketi karibu na moto, amefunua kifua, mtoto amefungwa hapo hapo kwenye ngozi yake kwa kitenge, blanketi juu ya wote wawili. Hakutoka. Hakwenda shambani, hakwenda kanisani, hakupika. Akisalimiwa aliitikia kwa macho. Niliposikia bibi akimwambia baba kwamba mtoto ametoka mapema, mimi nilielewa jambo lote kwa namna yangu. Nilikuwa na mfano wake pale jikoni. Mtoto alikuwa ametoka kabla ya kuiva, na mama alikuwa amerudi kumlalia mpaka aive, kisha ashuke naye kama kuku anavyoshuka kiotani na vifaranga. Ilikuwa wazi kabisa. Nilishangaa tu kwamba watu wazima walikuwa na huzuni, wakati bata hakuwa na huzuni.

Nikamuuliza baba, "Mama atashuka lini?"

Baba alikuwa anaranda mbao. Akasimama na randa mkononi. "Atashuka wapi?"

"Kwa mtoto. Atashuka lini?"

"Mungu akipenda," akasema, akaendelea kuranda, lakini nilimwona akiranda mahali pamoja tu.

Bibi ndiye aliyeunganisha yale mawili. Aliona mgongo wa mtoto hauna joto la kutosha pale kitenge kilipoishia, akanituma kwenye tenga. "Bata akienda kunywa maji, chukua manyoya. Chota upande huu, upande ule mwachie na yeye." Nilikuwa sijawahi kushika kitu kama kile. Unashika, na huna hakika kama umeshika; ni joto tu liko mkononi. Bibi akakata kitambaa cha marekani, akashona kifuko, akajaza yale manyoya, akakiweka karibu na moto kipate moto kidogo, kisha akakiingiza nyuma ya mtoto. Kesho yake akakiona kimebonyea, akanituma tena. Na bata, nilipomchunguza, alikuwa ameng'oa mengine kufidia. Kifua chake kilikuwa kimebaki ngozi tupu ya waridi, kama ngozi ya ndugu yangu.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Niliona kwamba wanakula sahani moja, mayai na mtoto, na mwenye kupakua ni bata mmoja.

Kisha Mama Skola akaja kumwona mzazi. Alileta uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, maana ulimi wake ulikuwa mkali lakini mkono wake haukuwa mtupu hata siku moja. Alipotoka alisimama na bibi jikoni.

"Mayai haya bado tu?"

"Bado."

"Mama, wiki tatu zimepita zamani. Hayo ni viza. Yatupeni, bata aende mavunoni peke yake. Jumapili ndiyo hii." Akashusha sauti, lakini watu huwa wanashusha sauti juu ya vichwa vya watoto bila kujua kwamba ndiko masikio yaliko. "Nadhiri si mchezo. Usipompa Mungu kilicho chake, hujichukulia mwenyewe." Na akageuza macho kuelekea nyumba alimokuwa mama.

Jioni ile, tukiwa tunakula, bibi na baba walizungumza.

"Mwanangu, peleka debe la mahindi. Bata atafuata siku nyingine."

"Sikutamka mahindi, mama."

"Basi ngoja ashuke."

"Nilisimama mbele ya watu."

"Aliyemfundisha bata kulalia ni nani? Unadhani hajui siku zake?"

Baba alimega tonge, akaliweka tena kwenye sahani. "Mama, nimeshazika wawili," akasema. "Sitaki Mungu aniulize kitu chochote mwaka huu. Hata kimoja."

Nikiwa mtoto nilidhani baba amekataa kwa ukali. Nimekuwa mzee kuliko yeye alivyokuwa siku ile, nikaelewa kwamba ile ilikuwa hofu, na kwamba mtu mwenye hofu anaweza kumheshimu Mungu kama anavyomheshimu mkubwa wa gereza. Simlaumu. Nimewahi kuomba hivyo na mimi, milangoni pa wodi.

Basi nikabaki na hesabu yangu. Bata akipelekwa, manyoya yamekwisha, mtoto atapata baridi afe. Bata asipopelekwa, Mungu atajichukulia mwenyewe, na kila mtu alijua atachukua nini. Niligeuza hivi na vile kama mtoto anayegeuza hesabu ya darasani, na kila nilipogeuza mtoto alikufa.

Jumapili asubuhi baba alikuja jikoni amevaa koti lake la kanisani, na kamba ya kumfunga bata miguu. Alinikuta nimeketi mbele ya tenga.

"Sogea, mwanangu."

Sikusogea. "Baba, ukimpeleka bata, mtoto atapata baridi. Usipompeleka, Mungu atamchukua mtoto."

"Nani amekwambia maneno hayo?"

"Kwa hiyo nipeleke mimi," nikasema. "Mimi sina kazi kubwa hapa."

Baba aliketi kwenye gogo la kuni, na koti lake safi. Alikaa na ile kamba mikononi, akaikunja, akaikunjua. Nje Mama Skola alikuwa anawaita watoto wake waje kunawa nyuso, na kwa mbali mbao iliyogongwa ikawa kengele ya kwanza ya kanisa. Baba akapeleka mkono chini ya bata, bata akamfokea kwa pumzi yake, naye akatoa yai moja. Akaliweka sikioni kwake. Kisha akaliweka sikioni kwangu.

Lilikuwa la moto, na ndani yake kulikuwa na mtu anakwaruza.

"Unasikia?"

"Ndiyo."

Alilirudisha kwa uangalifu, akaiacha ile kamba ikaanguka. Akavua koti lake, akalifunika tenga lote, bata na mayai na kitanda chake, akalinyanyua na kulikumbatia kifuani.

"Basi twende wote," akasema.

Mtoto husikia anachokitarajia. Mimi nilisikia kwamba nimekubaliwa.

Niliingia ndani kumuaga mama. "Mama, nakwenda."

"Haya, mwanangu," akasema taratibu, asimshtue mtoto. "Ukatusalimie watu wa Mungu."

Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kwake. Lakini sikukasirika. Niliona ana kazi.

Kanisani, mbele ya madhabahu, palikuwa pamejaa: maboga, miwa iliyofungwa, madebe ya mahindi, maharage, na mbuzi mmoja aliyekuwa anakula majani ya mapambo. Baba akaliweka tenga katikati yao akaondoa koti. Nikaenda na mimi nikasimama pembeni ya tenga, mikono pamoja. Wazee wa kanisa walidhani nimewekwa nimlinde bata, wakaniacha. Mchungaji alipoinua mikono kubariki matoleo, bata akainua shingo akamfokea, na kanisa zima likacheka mpaka mchungaji naye akashindwa akainamisha uso. Mimi sikucheka. Nilikuwa nangoja kujua kubarikiwa kunakuwaje, kama kunauma.

Baada ya ibada mnada ukawa nje, kama ilivyo desturi. Mnadi alikuwa mzee mmoja mcheshi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Vitu vikauzwa kimoja kimoja, na mimi nikavifuata, nikisimama kila mara mwisho wa mstari. Ikafika zamu ya tenga.

"Bata!" mnadi akasema. "Bata na kilicho chini yake. Nauza pamoja na siri yake."

"Siri gani, viza hayo," Mama Skola akasema, na watu wakacheka.

Aliyempata bata alikuwa Mzee Ngonyani. Alikuwa Mngoni wa Songea, mpasua mbao kwenye kiwanda kimoja cha Mafinga, na alikuwa Mkatoliki, ila kila mavuno alipanda kwetu akisema maboga ya Walutheri yanaiva vizuri. Sisi Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakabaki kutukanana kwa upendo. Alishika tenga, akashukuru, na mnadi akaanza kukunja mkeka. Mimi nikabaki pale pale.

"Wewe binti, nenda kwa baba yako, tumemaliza."

"Mimi bado," nikasema.

"Bado nini?"

"Kuuzwa."

Kwanza walicheka sana. Kisha wakamwona baba. Alikuwa amesimama na koti lake lenye manyoya, na uso wake ulikuwa umekunjika kama uso wa mtu anayetazama jua. Akajaribu kueleza. Alisema kidogo tu: mtoto, manyoya, mayai yaliyochelewa, na maneno niliyomwambia jikoni. Mama Skola akaweka mkono mdomoni.

Mzee Ngonyani aliweka tenga chini. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye miguu yangu mitupu.

"Mhehe nimnunue mimi?" akasema. "Nimpeleke kwangu? Na mbwa wangu nitamficha wapi?"

Wahehe tunatukanwa hivyo na watani wetu, kwamba tunakula mbwa, na hakuna aliyekasirika. Watu walicheka, wengine wakajifuta macho. Naye akachuchumaa mbele yangu, akasema kwa sauti nyingine, "Binti, Mungu hana haja ya kukununua. Wewe ni wake tangu zamani." Kisha akainua uso. "Mchungaji. Huyu bata ametolewa?"

"Ametolewa."

"Mungu amempokea?"

"Amempokea," mchungaji akasema.

"Na sasa ni wa nani?"

"Ni wako wewe uliyemnunua."

"Vizuri. Sasa bata wangu mimi sina pa kumweka. Nalala kwenye vibanda vya kiwandani, huko msumeno unalia mchana kutwa, bata gani atalalia? Namwekesha kwa huyu binti anitunzie. Nitakuja kumchukua akishuka."

Baba akafungua mdomo. "Mtani, mimi nilikuwa nime..."

"Nyamaza, mtani. Ulitoa, kimepokelewa. Unataka kutoa tena, kana kwamba aliyepokea ana usahaulifu?"

Mama Skola akaja, akavua khanga yake ya mabegani akanifunga nayo, akaikaza kwa nguvu kama mtu anayegombeza. "Mdomo wangu huu," akasema, si kwangu. Tulirudi nyumbani, baba amekumbatia tenga, mimi nyuma yake polepole, kama ninavyowafuata bata.

Siku chache baadaye nilikuta vifaranga wa njano na weusi wakichungulia chini ya mbawa, na mama yao kifua wazi. Nilimkimbilia baba, naye akaja akapiga magoti pale jikoni. Nilidhani anawahesabu.

Mama alikawia zaidi. Bata alikuwa ameshakwenda vinyunguni na watoto wake, na baridi ilikuwa imeanza kulegea, siku niliporudi nikamkuta ameketi nje, kwenye jua, mgongo ukutani. Alikuwa amekonda sana. Mtoto alikuwa mapajani, si kifuani, na analia kama watoto wanavyolia, kwa hasira. Nilisimama mbali. Nilitazama shingo yake na kifua chake pale kitenge kilipofunguka, nikitafuta mahali alipojinyonyoa. Sikuona alama yoyote. Miaka mingi nimefikiri kuhusu hilo, kwamba nilitafuta alama mahali ambapo hazikai.

Mtoto akabatizwa Samweli. Na Mzee Ngonyani hakuja kumchukua bata wake. Ila kila mwaka, kwenye mnada wa mavuno, alimfuata baba mbele za watu.

"Mtani, bata wangu hajashuka?"

"Bado, mtani. Analalia."

"Mwaka mzima? Nyie Wahehe mmemfundisha uvivu wenu."

Walizeeka kwa maneno hayo. Baba alipokufa Mzee Ngonyani aliyauliza kaburini, na yeye alipokufa mama alisafiri hadi Songea kuyajibu. Nami nimefundisha watoto mambo mengi ya imani, mengine makubwa kuliko akili yangu, lakini nikibaki peke yangu huku Ipogolo ninakoishi sasa, nikiwatazama bata wangu wakishuka kwenye maji, ninachojua kwa hakika kuhusu neema ni hicho: kwamba ulichokitoa kwa hofu kinaweza kurudishwa mikononi mwako na mtu anayecheka, akakuambia ukitunze.

Samweli alikuja uani siku ile ya kuanua matanga, akanikuta na mto. Ni mtu mkubwa. Huinama kuingia kwenye nyumba aliyozaliwa. Habari hii aliijua kwa kusimuliwa, lakini mto hakuwahi kuuona. Hata mimi nilidhani ulipotea zamani. Nikamwekea kwenye kiganja, ukatosha pale. Aliukunjia vidole, kisha akanirudishia.

Kwenye mazishi yenyewe, siku chache kabla ya hapo, tulipomtoa mama ndani, Samweli ndiye aliyeshika upande wa mbele wa jeneza. Hatukufika mbali. Binti wa Mzee Ngonyani, naye ana mvi sasa, alikuwa amelala chali katikati ya njia ya makaburini, na gauni lake zuri, mikono amekunja kifuani.

"Hapiti mtu," akasema. "Baba yangu alikufa anadai bata. Leo simtaki bata peke yake. Nawataka watoto wake, na wajukuu, na vilembwe, wote waliozaliwa humu."

Waombolezaji wakaanza kucheka katikati ya machozi, kama inavyotakiwa watani wakija msibani. Samweli akanigeukia. "Dada, mpe bata wake."

Nikaenda nyuma, kwenye jiko la nje. Mama alifuga bata mpaka wiki yake ya mwisho. Mmoja alikuwa kwenye tenga, kona ile ile. Sikumtoa, nilinyanyua tenga zima nikalikumbatia, nikarudi nalo mpaka njiani, nikaliweka karibu na kichwa cha mtani wetu.

Aliinuka akaketi. Alipeleka mkono, bata akamfokea, naye akamgeuza kidogo bawa akaona ngozi tupu ya kifua, na mayai, na manyoya yaliyotandikwa. Akakaa hapo, jeneza likiwa limesimama juu yake. Kisha akasimama, akajikung'uta vumbi la gauni, akatoka katikati ya njia.

"Huyu analalia," akasema. "Mpitisheni mama. Bata wangu nitamfuata akishuka."

Samweli akakaza mkono wake upande wa mbele, tukapita.